Kitufe cha Sentimita Ngapi? Kuandika Kiolesura cha Uhalisia Mseto Bila Kutaja Pikseli

Mchoro ukisema "kitufe, pikseli 120 kwa 48", mtengenezaji wa programu ya miwani ya uhalisia mseto, yaani inayochanganya vitu vya kidijitali na mazingira halisi, hajaambiwa kitu. Kitufe hicho kikielea nusu mita mbele ya uso ni kikubwa, kikisogezwa mita 3 hakisomeki. Jicho hupima pembe, kwa hiyo waraka wa kiolesura, yaani maelezo ya vitufe na paneli anazotumia mtu, uanze na namba mbili kwa kila kipande: umbali wake na pembe kinayochukua machoni.

Hesabu yake ni nyepesi: kwa kila mita 1 ya umbali, digrii 1 ni takriban milimita 17.5. Mwongozo wa Microsoft wa miwani yake ya HoloLens 2 unasema kitufe cha kuguswa kwa kidole, kikiwa sentimita 45, kisipungue digrii 2, yaani sentimita 1.6 kila upande. Cha kuelekezewa kwa mwale, yaani mstari wa kidijitali unaotoka mkononi, kutoka mita 2 kisipungue digrii 1, yaani sentimita 3.5. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa fundi aliyevaa glavu, anza na sentimita 3.2 hata kwa kitufe cha karibu.

Mkitaka kipimo kimoja kwa timu nzima, tumieni kile ambacho Google ilikitangaza mwaka 2017 kwa ajili ya Daydream, mfumo wake wa uhalisia pepe, kiitwacho dmm: milimita 1 inayotazamwa kutoka mita 1. Paneli ya dmm 400 ikiwekwa mita 2 inakuwa na upana wa milimita 800, na machoni inabaki ileile. Daydream ilishazikwa, lakini kipimo hiki bado kinafaa.

Baada ya ukubwa, andika kitendo, usiandike kifaa. "Bonyeza kifyatuo cha kulia" ni sentensi inayokufa siku mteja anaponunua miwani isiyo na vidhibiti. OpenXR, kiwango cha pamoja cha programu za miwani hizi kutoka kwa muungano wa kampuni uitwao Khronos, kilichotoka toleo 1.0 mwaka 2019, kinafuata njia hiyo: programu inataja vitendo vyake (chagua, shika, rudi), kisha inapendekeza kila kitendo kifanywe kwa kitufe au ishara ipi katika kila aina ya kifaa. Waraka wako uige mpangilio huo. Mfano wa kitufe kimoja, katika programu ya kukagua pampu:

Thibitisha. Kitendo: chagua. Kimefungwa kwenye: pampu, sentimita 10 juu ya kifuniko. Umbali wa matumizi: sentimita 40 hadi 60. Ukubwa: sentimita 3.2 kwa 3.2. Hali: kimetulia, kidole kinakaribia, kimeguswa, kimebonyezwa, kimeachiwa, kimezimwa. Sauti: mlio mfupi kinapobonyezwa.

Mstari wa hali ndio watu huruka, na ndiko makosa yanakozaliwa. Hewani hakuna kitu cha kugota kidole, hivyo mtumiaji asipoona kitufe kikizama au asiposikia mlio, atabonyeza mara tatu. Andika pia kwamba mguso unahesabika ukitoka mbele tu. La sivyo, mkono unaorudi nyuma baada ya kubonyeza utakibonyeza tena kwa kukipitia mgongoni.

"Kimefungwa kwenye" nao una mtego. Paneli iliyogandishwa kichwani hutembea na kila mtikisiko wa shingo, inachosha na kuziba kazi. Ifunge kwenye mashine au mkononi. Ikibidi imfuate mtu, imfuate kwa kuchelewa kidogo.

Usitegemee maelezo yanayojitokeza mtu anapotazama. Kwenye miwani ya Apple ya Vision Pro, mfumo wenyewe ndio unaong'arisha kinachotazamwa, programu haiambiwi macho yako wapi mpaka mtumiaji abane kidole gumba na cha shahada. Rangi nazo ziangaliwe: kwenye miwani ya kioo kipenyevu kama HoloLens, nyeusi haionekani kabisa, kwa sababu kioo huongeza mwanga tu. Kivuli cheusi kilichopendeza kwenye kompyuta kitakuwa shimo.

Kwa amri za sauti za Kiswahili, soma orodha nzima kwa sauti kabla ya kuipitisha. "Futa" na "Fuata" zikikaa kwenye skrini moja, kazi ya mtu itapotea siku yenye kelele. Weka "Ondoa" na "Endelea".

Sehemu ya mwisho ya waraka ni mhimili na kipimo cha urefu. OpenXR hutumia mita, mhimili wa Y ukielekea juu, na mbele ni upande hasi wa mhimili wa Z. Unity, programu ya kutengenezea michezo na mandhari za 3D, hutumia mita pia, ila mbele ni upande chanya wa Z. Unreal, mshindani wake, hutumia sentimita, na Z ndiyo juu. Usipoandika hili, paneli itatokea nyuma ya kisogo, au ikiwa ndogo mara 100.

Na kabla ya msimbo wowote, kata karatasi ya milimita 35 kwa 35, andika neno la kitufe juu yake, ibandike ukutani na urudi nyuma mita 2. "Mipangilio" ikikushinda kusoma hapo, miwani haitakusaidia.