Je, supu ya miguu ya kuku inamtosha mtoto?

SWALI: Mtaalamu, hujambo? Naishi Kondele hapa Kisumu na nina watoto wawili. Bei ya nyama imenishinda, kwa hivyo mara tatu kwa wiki mimi hununua miguu ya kuku, naichemsha hadi supu ikipoa inaganda, tunakula na ugali. Mdogo ana mwaka mmoja na miezi minane, na yeye huwa namlainishia ugali kwa hiyo supu. Mama mkwe anasema ni dawa ya magoti yake. Mzee wangu anasema nawalisha watu kucha. Je, kuna protini ya kutosha humo, au najidanganya?

JIBU: Sijambo, dada. Mzee mwambie kucha zinakatwa, na kinachobaki ni chakula halali kabisa. Mimi mwenyewe nimekua nikikila kule Kakamega, ambako firigisi ilikuwa ya baba, nasi watoto tuliachiwa miguu na shingo. Afrika Kusini huiuza pamoja na vichwa na kuviita "walkie talkies", kwa kuwa mguu hutembea na kichwa husema.

Tuanze na hesabu. Gramu 100 za miguu iliyochemshwa, ukiacha mifupa, zina takriban gramu 19 za protini, gramu 14 na nusu za mafuta na kalori 215. Wanga karibu hakuna. Kidari kilichopikwa bila ngozi kina protini gramu 31 hivi na mafuta yasiyozidi gramu 4. Mtoto wa umri wa mdogo wako anahitaji kama gramu 13 za protini kwa siku. Kwa karatasi, basi, miguu michache tu ingemaliza kazi.

Shida ni kwamba protini si kitu kimoja. Mguu wa kuku hauna mnofu. Ni ngozi, kano, gegedu na vifupa, na sehemu kubwa ya protini yake ni kolajeni, ile protini inayoshikanisha ngozi, kano na mifupa. Ukiiweka kwenye moto wa polepole kwa saa mbili au tatu, kolajeni hulainika ikawa gelatini, na hiyo ndiyo inayoigandisha sufuria yako usiku. Sasa, ili mtoto ajenge misuli na damu, anahitaji asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima azile. Kolajeni haina kabisa mojawapo ya hizo tisa, nayo ni triptofani.

Paris walilipata somo hili zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, supu ya gelatini iliyokamuliwa kwenye mifupa ilikuwa ikigawiwa maskini na wagonjwa hospitalini badala ya nyama. Wengi walilalamika kwamba haishibishi wala haitii nguvu. Tume iliyoongozwa na mwanasayansi François Magendie ikatoa ripoti mwaka 1841: mbwa waliolishwa gelatini peke yake walidhoofika, hawakuweza kuishi kwayo. Sababu yenyewe ilingoja hadi 1901, wanasayansi Frederick Gowland Hopkins na Sydney Cole walipoitenga triptofani kule Cambridge, Uingereza. Miaka mitano baadaye Hopkins na Edith Willcock waliwalisha panya zeini, ambayo ni protini kubwa ya mahindi, bila protini nyingine. Panya wakafa upesi. Wale walioongezewa triptofani waliishi muda mrefu zaidi.

Mahindi, dada. Ugali una upungufu wa triptofani, na supu unayoumwagia haiwezi kuuziba. Miguu huongeza kiasi cha laisini, asidi amino nyingine ambayo pia ni haba katika mahindi, na kwenye ngozi kuna protini nyingine kidogo mbali na kolajeni, kwa hivyo sisemi mnakula bure. Lakini mtoto hali hata hiyo ngozi. Anapata maji ya supu, yenye gelatini kidogo, juu ya unga wa mahindi. Tumbo linajaa, mzazi anaona ameshiba, na bado kuna kitu hajapata.

Usiache miguu. Iondolee tu mzigo wa kuwa nyama ya nyumba. Uko Kisumu, na omena, wale dagaa wa ziwani, haiko mbali nawe. Ichague, ioshe vizuri, ikaushe kwenye kikaango, uisage iwe unga, na kijiko kikubwa kimoja ukikoroge ndani ya ugali laini wa mtoto. Samaki huyo ana asidi amino zote tisa, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake yote, anampa kalsiamu ambayo supu haina. Watu wengi hudhani mifupa ikichemka sana kalsiamu yote huhamia majini. Inayohamia ni kidogo mno. Siku omena ikikosekana, yai moja lina gramu 6 za protini kamili, na maharagwe yaliyopondwa yanaelewana sana na mahindi.

Madini ya chuma ndiyo yangenitia wasiwasi zaidi. Gramu 100 za miguu hazifikishi hata miligramu 1, na mtoto huyo anahitaji 7 kwa siku. Muulize huyo anayekuuzia miguu kama ana maini ya kuku. Kipande kidogo, kikiwa kimeiva hadi ndani, mara moja kwa wiki, kitafanya zaidi ya sufuria nzima ya supu.

Kuhusu magoti ya mama: kolajeni ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama protini nyingine yoyote, haifungi safari ya moja kwa moja hadi gotini. Utafiti unaotajwatajwa ulitumia unga wa kolajeni uliopimwa, na nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo. Supu akitaka anywe, mkononi mwa mkamwana ni heshima pia. Ila kama ana presha, punguza chumvi na vile vikolezo vya pakiti. Na kama maumivu yake ni ya gauti, supu iliyochemka muda mrefu haimfai, kwa sababu purini, vitu vinavyochochea gauti, hutoka kwenye nyama zikaingia kwenye maji.

Jikoni: ichovye miguu kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, menya lile gamba la njano, kata vidole kwenye kiungo cha mwisho. Geuza kila mguu uangalie nyayo. Ukiona kidonda cheusi kilichokauka, huo ni ugonjwa wa kuku aliyesimama kwenye matandiko machafu, usiununue. Supu ikiganda, toa mafuta ya juu kwa kijiko kwa ajili ya nyinyi watu wazima, mtoto hayamdhuru.

Na mdogo usimpe mguu autafune. Vifupa vya vidole ni vidogo na vinateleza, vinaweza kumkaba kabla hujageuka. Mlainishie ugali kwa supu yako kama kawaida, koroga unga wa omena, na mguu wenyewe, bila kucha, mwekee mzee.