Anza na Rops, kisha Gerda Wegener

Ndugu, umeuliza uanzie kwa nani kati ya wachoraji wa zamani wa picha za ashiki ambao majina yao hayavumi. Mimi ningekuanzishia na Félicien Rops, Mbelgiji wa Namur (1833–1898). Itafute Pornocratès yake ya 1878. Mwanamke kafungwa kitambaa machoni, mwilini hana kitu ila kofia, glavu ndefu, soksi nyeusi na utepe kiunoni, na anaongozwa na nguruwe aliyefungwa kamba ambayo mwanamke kaishika mkononi. Usiishie kumtazama yeye. Shusha macho chini ya miguu yake: kuna ukuta uliochorwa sanaa nne zilizopewa sura za watu: uchongaji, muziki, ushairi na uchoraji, wote wameinamisha vichwa. Hapo ndipo picha inaponishika kila nikiirudia. Ipo Namur kwao, kwenye makumbusho yenye jina lake.

Rops huyohuyo ndiye aliyechora picha ya ukurasa wa mwanzo ya Les Épaves ya mshairi Mfaransa Baudelaire, 1866, kitabu kilichochapwa Ubelgiji kikiwa na mashairi sita yaliyopigwa marufuku Ufaransa mwaka 1857.

Ukimmaliza, nenda kwa Gerda Wegener, Mdenmark aliyehamia Paris mwaka 1912. Kitabu Les Délassements d'Éros cha 1925 kina picha zake za rangi za maji, na wanawake wake wanaonekana kufurahi wenyewe, hawajapangwa kumridhisha mtazamaji. Kwa hilo nampenda kuliko Rops.