Jibu: «магазин» ya Kirusi si jarida

Ndugu, umeuliza kama магазин (magazin) ya Kirusi ni jarida. Hapana, ni duka. Jarida ni журнал (zhurnal), nalo limetoka Kifaransa «journal». Hilohilo ndilo pia daftari la mahudhurio shuleni.

Magazin ni «magasin» ya Kifaransa, iliyopokewa kutoka Kiitaliano «magazzino», na mzizi wake ni Kiarabu «makhazin», yaani maghala. Mzizi huo, wenye konsonanti kh-z-n, ndio uliotuzalia sisi «hazina», kwa hiyo neno si geni kama linavyoonekana.

Maana ya ghala haikufa upesi. Hata karne ya 19, vijiji vya Urusi vilikuwa na хлебный магазин (khlebny magazin). Ukitafsiri «duka la mikate» umepotea, maana lilikuwa ghala la nafaka ya akiba kwa miaka ya njaa. Leo neno magazin pia ni magazini ya bunduki, yaani kasha la risasi, na kwa wafuga nyuki ni kasha la juu la mzinga, nyuki wanamoweka asali.

Mkazo uweke mwishoni: magaZIN. Ukisema maGAzin utaeleweka, ila watakusahihisha.