Mawe ya akiki na yaspi yasiyong'aa

Umeeleza kwamba mawe yako, baada ya wiki nne katika mashine ya kuzungusha mawe pamoja na unga wa kusagia na maji ili yawe laini na yang'ae, yametoka laini lakini yamefifia, na mengine yana mikwaruzo. Nashuku kwamba uliiharakisha hatua ya kwanza, ile ya kuyasaga kwa unga wenye chembe kubwa. Akiki na yaspi zina ugumu wa takriban 6.5 hadi 7 katika kipimo cha Mohs (kipimo cha ugumu wa madini, cha 1 hadi 10), kwa hiyo wiki moja ya unga huo, namba 60/90, mara nyingi haitoshi. Mimi hulifungua pipa la mashine kila baada ya siku saba, nikayatoa mawe yaliyokwisha kuviringika na kuyarudisha yenye mashimo pamoja na unga mpya, hata ikichukua mwezi mzima.

Usiyapime yakiwa na maji, kwa kuwa jiwe lililolowa hung'aa hata likiwa bovu. Lifute, liache likauke kabisa, kisha ulielekeze kwenye taa: ukiona nyufa zilizojaa unga wa kijivu, litenge, maana unga huo utatoka baadaye na kuyakwaruza mengine. Niliwahi kuharibu pipa zima kwa sababu ya chembe chache zilizonasa chini ya ukingo wa kifuniko, na tangu hapo husugua kila kitu kwa mswaki kabla ya kuhamia unga wenye chembe ndogo zaidi, namba 120/220, kisha 500 na hatimaye unga wa kung'arishia.

Pipa lijae kati ya theluthi mbili na robo tatu. Tope la unga na mawe yaliyosagika usilimwage kwenye sinki, kwani huganda bombani kama saruji.