Mtoto ana mdomo sungura, hospitali wanasema hadi aongezeke kilo

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana wiki 6, kazaliwa na mdomo sungura na ndani pia juu pako wazi, akinyonya maziwa yanatokea puani. Ana kilo 3.2, hospitali wamenirudisha eti bado mdogo. Wananizungusha? Na mama mkwe anasema nilimcheka mtu nikiwa na mimba.

JIBU: Marahaba mama. Hilo la kucheka liondoe moyoni kabisa, mdomo na paa la kinywa huwa vinaungana mimba ikiwa changa, ndani ya miezi 3 ya kwanza, kwako havikufunga basi, hujakosea kitu.

Na hawakuzungushi. Mtoto mwepesi dawa ya usingizi inaweza kumuelemea, ndo maana tunataka afike angalau wiki 10, kilo 4 na nusu na kipimo cha wingi wa damu kisome 10, wengi mdomo tunawashona kuanzia miezi 3. Kwa hiyo dawa yake sasa hivi ni maziwa. Usimwachie titi peke yake, paa likiwa wazi hawezi kuvuta, atahangaika saa nzima achoke alale na njaa wewe ukidhani kashiba. Kamua kwenye kikombe kisafi, mkalishe karibu wima, kichwa ukishike kwa nyuma, mpe na kijiko kidogo kidogo, akimeza ndo unaongeza. Yakitoka puani usishtuke, futa, mwache apumue, endelea. Mcheulishe mara kwa mara manake anameza upepo mwingi. Isizidi nusu saa, na urudie kila masaa 2 au 3 hata usiku. Mpime kila wiki, akigoma kuongezeka rudi kliniki, ila akipaliwa na kubadilika rangi mkimbize hapo hapo.

Kinachoniuma ni wazazi wanaoshonewa mdomo, mtoto anapendeza, wanapotea. Paa limebaki wazi. Wanarudi ana miaka 6, akitaka kusema "baba" inatoka "mama" kwa sababu hewa yote inapita puani, darasani wenzake hawamuelewi, na kumfundisha kuongea upya ni kazi ndefu kweli. Paa linashonwa akiwa na kama miezi 9 hadi 18, na masikio yapimwe, hawa watoto maji yanajaa nyuma ya ngoma ya sikio wanasikia kwa shida.

Hela isikutishe, shirika la Smile Train linalipia hizi operesheni kwenye hospitali wanazoshirikiana nazo, kwa Dar kaulizie hospitali ya CCBRT, Msasani. Siku ukipewa tarehe ya mdomo, usiondoke dirishani kabla hujauliza na ya paa.