Hosteli au kupanga mtaani Mtwara: nimekaa kote kuwili, nakujibu kwa urefu

Kaka, umeeleza kwamba mdogo wako wa kike amepangiwa chuo Mtwara, mzee anataka akae hosteli, yeye mwenyewe anataka kupanga geto mtaani na wenzake wawili aliosoma nao Singida, na wewe ndiye mtoa hela. Ukauliza kipi nafuu. Wengi waliotangulia kukujibu wamesema geto, kwa kuwa vyumba Mtwara ni bei ya chini. Mimi nimesoma Mtwara kuanzia 2019 hadi 2022. Mwaka wa kwanza nilikaa hosteli, wa pili nikapanga Magomeni ya hukuhuku Mtwara, wa tatu nikahamia mtaa mwingine, Chuno. Jibu langu: mwaka wa kwanza akae hosteli hata kama ni ya kubanana, mwaka wa pili atoke. Naomba univumilie nieleze.

Nianze na hela kwa sababu ndiyo uliyouliza. Chumba changu cha Magomeni kilikuwa cha kawaida, choo na bafu vya nje vya kuchangia, shilingi 35,000 kwa mwezi. Ukiisikia hiyo bei unaona umepata. Ila mwenye nyumba hapokei ya mwezi. Alitaka miezi sita, yaani 210,000 mkononi, na dalali naye akataka kodi ya mwezi mmoja, mbali na 5,000 aliyokuwa akitoza kila tulipotoka kwenda kuangalia, hata vyumba ambavyo dirisha lake halifungi. Nikanunua godoro, ndoo, jaba la maji, jiko na mtungi mdogo wa gesi, pazia, kufuli. Kabla sijalala usiku wa kwanza nilishavuka laki nne. Hosteli nilikuwa nalipa laki moja na nusu kwa semista, kitanda nimekikuta, maji nimeyakuta.

Sasa angalia tarehe, maana ndizo zinazoumiza zaidi. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, la mwaka wa kwanza haliji siku mtoto anaposhuka stendi ya Mkanaledi. Mpaka asajiliwe, majina yaende, asaini, wiki zinapita. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23 (sisi tulipata 8,500), kwa hiyo ya siku sitini ni 600,000. Ikishaingia, msichana anayejipikia anaishi Mtwara bila kuaibika. Lakini kodi ya miezi sita inatakiwa siku ya kwanza, kwa hiyo itatoka kwako kaka, na kama hana mkopo basi na kila kitu kinachofuata ni chako.

Halafu kuna korosho. Mtu wa Singida anaweza asilifikirie hili, ila huku ndilo linaloendesha kalenda ya mji. Minada inaanza Oktoba kupitia vyama vikuu vya ushirika kama MAMCU na TANECU, wakulima wakilipwa mzunguko wa hela unabadilika ghafla, na ndiyo wiki hizohizo wanachuo wanaingia. Wazazi wa wenzangu wa Tandahimba na Newala walikuwa wakipata hela ya mnada wanalipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Wenye nyumba wanawapenda hao, na mimi ningewapenda. Anayekuja kutoka mbali na hela ya kuunga-unga anapewa kilichobaki.

Na vyumba vizuri haviingii kwa dalali kabisa. Vinaachwa na wa mwaka wa tatu wanapomaliza, Julai au Agosti, vinapita mkono kwa mkono: huyu anamwambia mwenzake wa darasani, wanakwenda pamoja kwa mama mwenye nyumba, yamekwisha. Mdogo wako hatakuwepo Mtwara mwezi huo. Akiwa na mwaka mmoja wa hosteli atakuwepo, atakuwa na watu wa kumshika mkono, na atajua mtaa upi una maji na upi hauna. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa kuliko zote.

Nikueleze Magomeni ilivyokuwa. Nyumba ina vyumba saba, mwenyewe anaishi Dar, kodi inatumwa kwa simu. Mita ya luku, umeme wa kulipia kabla, ni moja. Watu saba mita moja maana yake kila wiki kuna kikao cha luku na kila kikao kuna ugomvi: huyu ana friji, yule ana pasi, huyu anasema alikuwa msibani Lindi siku nne kwa hiyo hachangii. Ambacho sikukijua wakati ule ni kwamba bei nafuu ya umeme, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo, ni ya mwenye matumizi madogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba saba kwenye mita moja vinavuka hapo mapema sana, na uniti inakuwa ya bei kubwa karibu mara tatu. Yaani hata mimi niliyekuwa na taa moja na kuchaji simu nililipia umeme kama mwenye friji. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye luku, siku hizi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na anayenunua wa kwanza ndiye anayekatwa. Kisheria hiyo ni ya mwenye nyumba. Jaribu kumwambia mtu aliye Dar.

Chumba hakikuwa na silingi bodi, bati tupu. Novemba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, joto la Mtwara ndani ya chumba cha bati halilaliki, unaacha dirisha wazi na wavu wa mbu tu. Usiku mmoja wa Desemba, kama saa tisa, mwizi alichana wavu akavuta mkoba wangu kwa upondo. Ndani kulikuwa na laptopu ya kuazima na daftari za semista nzima. Nilishtuka nikiona mkoba unaelea unatoka dirishani na sikuweza hata kupiga kelele. Asubuhi nilipokwenda kwa mjumbe, mama mmoja aliyekuwa anafagia hapo akasema nyumba ile huibiwa kila msimu, upande uleule, kwa sababu nyuma yake kuna kichochoro kisicho na taa. Watu wa mtaa walikuwa wanajua. Mimi sikumuuliza hata mmoja kabla ya kulipa. Semista ile nilipata sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, ya kwanza katika maisha yangu ya shule, na laptopu nilimaliza kuilipa mwaka uliofuata.

Sapu haikutokana na wizi peke yake, na hili mzee wako atalielewa. Mwaka wa kwanza hosteli tulikuwa tukijisomea kwa makundi hadi saa nne, saa tano usiku. Wa mtaani walikuwa wakiinuka saa moja jioni, wawahi kabla barabara haijawa tupu, hasa wasichana. Bodaboda ya usiku ilikuwa buku, yaani elfu moja, na kila siku buku ni pesa, tena kuna madereva ambao hutaki wajue unapolala. Nilipohamia mtaani na mimi nikawa wa kuinuka saa moja. Ukiongeza kuchota maji, kupika, kufua, na ngoma za mtaa msimu wa hela za korosho zinazopigwa mpaka alfajiri wiki moja kabla ya mitihani, utaona kwa nini nasema mtoto wa mwaka wa kwanza, ambaye bado hajajua mhadhara unafuatiliwaje, asibebeshwe na nyumba.

Kuna jambo la wasichana ambalo hakuna aliyeligusa huko juu na mimi sitaliruka. Rafiki yangu alipanga masta peke yake, choo ndani, geti lake. Bumu likachelewa, kodi ikapitiliza wiki tatu. Mwenye nyumba, mtu mzima, akaanza kuja usiku kuulizia kodi, baadaye akasema wazi kwamba yapo maelewano mengine yanayoweza kufanyika. Alihama usiku na mabegi mawili, akaacha godoro na jiko, akaja kulala kwangu mwezi mzima. Hakuenda popote kushitaki, aliogopa kuonekana yeye ndiye mwenye makosa. Kwa hiyo kaka, hata mdogo wako akiwa mtaani mwaka wa tatu, kodi yake isichelewe. Kama kuna kitu cha kukopa ulipe, ni hicho. Na ajue kwamba akikutana na hilo anakupigia wewe siku hiyohiyo na hutamlaumu.

Kuhusu hao wenzake wawili sina mengi. Watatu kwenye chumba kimoja inapunguza kodi, lakini mmoja akiahirisha mwaka au akipata mchumba, wawili wanabaki na deni la watatu. Wakubaliane kabla, kwenye karatasi.

Utaniuliza kwa nini basi nasema atoke mwaka wa pili. Kwa sababu ya Chuno.

Mwishoni mwa mwaka wa pili dada mmoja aliyekuwa anamaliza alinipeleka kwa mama mwenye nyumba wake, mama wa Kimakonde anayeishi hapohapo nyumba ya mbele. Uani kuna vyumba vitano. Alinieleza alivijenga enzi za gesi, watu wa bomba la gesi la kwenda Dar walipojaa mjini na kila chumba kina mtu. Bomba likazinduliwa 2015, wageni wakaondoka, vyumba vikakaa vitupu mpaka alipoanza kupangisha wanachuo. Kodi ilikuwa 50,000, ghali kuliko Magomeni, lakini kila chumba kina mita yake ndogo, dirisha lina nondo, na maji ya kisima yapo hata bomba likikauka. Geti linafungwa saa nne usiku. Mgeni wa kiume anasalimia ukumbini, haruhusiwi kulala. Mwanzoni niliona ananibana, baada ya Magomeni nikashukuru.

Pale niliishi na watu. Ramadhani mama ntilie wengi wanafunga biashara mchana, na mimi Mkristo niliyezoea kula nje ningeteseka, lakini jioni ilikuwa lazima nifuturu naye: muhogo wa nazi, uji, tende. Alinionyesha ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa, huuzwa mpaka barabarani, nikaikataa wiki ya kwanza na wiki ya pili nikawa naifuata mwenyewe. Siku niliyopandwa na malaria saa saba usiku, natetemeka siwezi kusimama, alimwamsha mwanawe mwenye bajaji, akanifunga kanga yake mwenyewe tukaenda hospitali ya Ligula. Alikaa na mimi benchi mpaka kunakucha. Mama yangu yuko Nachingwea, alipata habari asubuhi nikiwa nimeshachomwa sindano. Huko hosteli ningesubiri mlezi aamke na gari ipatikane.

Nilijifunza pia kupangilia hela. Siku bumu linapoingia nilikuwa nampa mama kodi kwanza, nanunua mchele, maharage, mafuta na gesi, kinachobaki nakigawa kwa wiki. Tulipika watatu kwa zamu, na Feri, kwenye soko la samaki, samaki ni wa bei nzuri ukienda boti zinaporudi asubuhi. Hosteli nilikuwa nakula chipsi na hela inaisha siku ya arobaini. Hapo wanaosema geto ni nafuu wana ukweli wao, ila unafuu unaanza baada ya vyombo kununuliwa na mtu kujua kupika kwa kipimo.

Nisisahau la corona. Machi 2020 vyuo vilifungwa mpaka Juni mosi. Sisi wa hosteli tulifunga mabegi tukaondoka. Waliopanga walihesabiwa kodi ya miezi yote hiyo wakiwa makwao, chumba kimefungwa kufuli. Janga kama lile si la kila mwaka, lakini likizo ndefu ipo kila mwaka, na kodi haina likizo.

Kwa hiyo lipia hosteli mapema, vitanda vya mwaka wa kwanza vinaisha haraka. Aje na chandarua chake, ndoo yenye mfuniko na kufuli la maana. Ikifika Mei mwakani aanze kuzunguka na wa mwaka wa tatu. Chumba akikipenda akione mara mbili, mchana na saa mbili usiku, aulize akina mama wa nyumba za jirani kabla ya kumuuliza mwenye nyumba, atazame mita, atazame nyuma ya dirisha. Mkataba uandikwe na ukashuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye nyumba akikataa kwenda huko, aache hicho chumba hata kama ni 25,000.

Hapo Mei ikifika niandikie hapahapa. Mama wa Chuno bado anapangisha, na mara nyingi chumba kimoja huwa kinaachwa Julai.