Mzee wa Gereji Anajibu: Ekzosi za Saa Saba Usiku

SUALI: Asalaam alaykum Mzee. Mie nakaa Michenzani kwenye majumba haya marefu tunayoyaita treni, ghorofa ya nne, nna mtoto wa miezi mitano. Kuna kijana kila usiku saa saba anapita na pikipiki kaitoboa sailensa, akifika raundabauti anavuta mafuta makusudi mpaka vioo vinatetemeka, mtoto anashtuka analia mpaka karibu na alfajiri na mie asubuhi kazini. Mume wangu anasema nivumilie ndo ujana. Hivi sheria hakuna?
Mama Mchovu, Michenzani

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Huyo mumeo mwambie wiki hii alale yeye upande wa dirishani na mtoto awe kwake, halafu tuzungumze habari za ujana.

Sheria ipo. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015, ndo iliyoleta ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, na mambo ya uchafuzi wa mazingira ni yao. Barabarani kuna trafiki. Ila mie ningekuwa wewe ningeanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wenu, kwa sababu trafiki saa saba hiyo hayupo raundabauti na sheha anamjua huyo mtoto wa nani. Andika siku, saa na namba ya chombo ukiweza, siku nne tano hivi, usende na "kila siku ananikera" tu maana hilo kila mtu anasema.

Na hujidekezi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo yake ya Ulaya mwaka 2018 lilisema kelele za magari usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, ndo kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli haziendi kama shilingi, ukiongeza 10 sikio linasikia kama imezidi mara mbili, sasa piga hesabu ekzosi iliyotobolewa na hapo mpo katikati ya majumba marefu, sauti inagonga ukuta huu inarudi ule.

SUALI: Mzee tunakuheshimu ila mnatuonea. Mie bodaboda njia ya Fuoni, bila kelele dereva wa daladala hakuoni anakukatia tu, ekzosi ya wazi inaniokoa roho. Halafu chombo kinakuwa chepesi kinakimbia. Na mbona maspika ya harusini mpaka usiku wa manane hamsemi?
Kijana wa Fuoni

JIBU: La harusi umenipata, sina jibu, kwetu wiki iliyopita rusharoho imetulaza saa tisa.

Hayo mengine hapana. Marekani kulikuwa na mtaalamu Harry Hurt wa chuo kikuu cha Southern California, yeye na wenzake walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki kule Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Wakakuta zaidi ya robo tatu ya hatari zinatokea mbele ya dereva, kushoto kidogo au kulia kidogo. Sasa mdomo wa ekzosi yako unatazama wapi? Nyuma! Anayefaidi kelele ni yule uliyekwisha mpita. Huyo wa daladala kafunga vioo na mziki juu, atakusikia ushafika ubavuni. Washa taa mchana, vaa kizibao cha kung'aa, na honi si unayo.

Ama wepesi, huo upo masikioni mwako. Mie nimewahi kutoboa ya vespa yangu nilipokuwa rika lako, nilijiona ndege, siku napanda na abiria ndo nikajua haina nguvu tena. Injini zile za tu-stroki ekzosi inasaidia kurudisha hewa mbichi isikimbie nje, ukiifungua unamwaga petroli njiani. Hizi 125 zenu za foo-stroki ukifungua bomba bila kugusa kabureta mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, injini inachemka, baadae unaniletea valvu zimeungua unaniambia Mzee fanya bei ya ndugu.

Na masikio ni yako. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanasema desibeli 85 mwisho muda wa masaa 8 kwa siku, ikifika 100 ni dakika 15 tu. Wewe upo juu ya hicho chombo kutwa nzima.

Wenzetu wanapima hasa. Maikrofoni inawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, injini inavutwa kwa kiwango maalumu, basi, kazi ya dakika chache. Tirol kule Austria mwaka 2020 walizipiga marufuku kwenye baadhi ya njia zao pikipiki zinazozidi desibeli 95 kwa kipimo hicho. Hapa kwetu tungekuwa na kipimo hicho hata kimoja pale Kwerekwe maneno yangepungua.

SUALI: Nimenunua chombo kwa mtu, sailensa kashaichokonoa ndani. Narudishaje?
Wa Wete

JIBU: Usichomelee kipande cha bomba la maji, nawajua. Tafuta sailensa nzima ya chombo hicho hicho, hata ya mtumba, na ringi mpya pale inapoingia kwenye hedi. Washa, ziba mdomo wa bomba kidogo kwa tambara bichi, ukisikia chu chu chu kwenye maungio bado inavuja. Endesha siku mbili kisha fungua plagi uitazame, ikiwa nyeupe kabureta ilichezewa pia, ikiwa rangi ya kahawa endelea na safari zako.